Tarehe ya Jicho: Vipimo vya Kabla ya Leza, Vikitazamwa kutoka Mutakura

Siku ya tarehe 13 Februari 1858, msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, baada ya kutembea kwa zaidi ya miezi saba kutoka pwani ya Mrima, ulipanda kilima cha mwisho chenye mawe na miiba, na hapo Burton alipouliza ule mstari wa mwanga unaometameta bondeni ni kitu gani, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa Bara Hindi kabla ya kuwa kiongozi mashuhuri wa misafara, alimjibu kwamba kwa rai yake yale ni maji. Speke alikuwa amesimama papo hapo, lakini macho yake yalikuwa yameshikwa na uvimbe uliomtesa njia nzima, hata ziwa lile alilokuja kulitafuta kwa taabu nyingi namna ile likawa kwake ukungu mtupu na mwako wa jua. Miezi miwili baadaye walipigiwa makasia hadi Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Tanganyika, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto Ruzizi huingia ziwani wala hautoki; na mtu akisimama leo mahali palipoinuka huku kwetu kaskazini mwa Bujumbura wakati wa magharibi, milima iliyo nyuma ya Uvira ndiyo anayoiona ikilipokea jua.

Msafara ule haukukosa vyombo vya kupimia. Ulibeba vya kupimia nyota, na saa za kutafutia longitudo, na vipimajoto vya kutia katika maji yachemkayo ili kujua mwinuko wa nchi. Walakini hapakuwa na chombo hata kimoja cha kulipima jicho, ingawa miaka saba nyuma, yaani mwaka 1851, Mjerumani Hermann von Helmholtz alikwisha kubuni kioo cha kutazamia ndani ya mboni, na kwa mara ya kwanza katika tarehe ya wanadamu jicho la mtu hai likaonekana hadi ukuta wake wa nyuma. Mimi naona ajabu kila nikiikumbuka sadfa hii, kwamba zama zilezile zilizofungua nchi zetu kwa macho ya wageni ndizo zilizofungua jicho lenyewe, na kwamba ilimu hizo mbili zilikaa muda mrefu mno pasipo kukutana katika mwambao huu wa ziwa.

Mutakura ni kartie, kama tusemavyo hapa, iliyo katika komine ya Ntahangwa, jirani ya Cibitoke na Kinama, na hospitali kubwa ya Roi Khaled iliyoko Kamenge haiko mbali nayo. Si mahali pa mashine za leza. Kijana wa Mutakura aliyechoka na miwani, au malineti kama wengi wanavyoiita kwa neno lililotoka katika Kifaransa, akisikia kwamba kuna mwanga unaoweza kuichonga konea, ule utando mwangavu wa mbele ya jicho, hata mtu akaona mbali pasipo kioo puani, hana budi kuwaza safari: ama Kigali, njia ambayo ilikatwa Burundi ilipoufunga mpaka wake na Rwanda mwezi wa Januari 2024, ama Nairobi, ama Bara Hindi kwa mwenye uwezo. Naye aghalabu huuliza mambo mawili tu, bei gani na maumivu kiasi gani, ilhali jambo kubwa kuliko yote mawili ni siku ile ya kwanza ambayo hachanjwi wala hachongwi, bali hupimwa na kupimwa tena kutoka chumba hadi chumba, na ambayo mwisho wake waweza kuwa neno moja la kumrudisha nyumbani na miwani yake. Siku hiyo ina tarehe ndefu, na ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu kila kipimo chake kilizaliwa na swali la mtu fulani, na vingine vilizaliwa na hasara.

Neno la kale la Kiarabu la tabibu wa macho ni kahhali, na asili yake ni kuhuli, yaani wanja, ule unga wa manga ambao bibi zetu wa pwani waliupaka kwa urembo na kwa dawa. Katika zama ambazo Ulaya haikuwa na kitabu cha maana juu ya jicho, Ali ibn Isa wa Baghdad aliandika mwongozo wa makahhali uliotumika kwa karne nyingi, na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo karibu na mwaka 1040, alithibitisha katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi miale ya kuvigusa vitu, kama Wayunani wengi walivyodhani, bali hupokea mwanga unaotoka kwenye vitu. Jambo hili huonekana dogo kwetu tuliozaliwa baada yake. Lakini kama jicho lingekuwa ni taa, lisingekuwa na haja ya kupimwa umbo. Ni kwa kuwa ni mlango wa kupokelea nuru ndipo umbo la mlango likawa na hesabu.

Kabla ya kuingia katika hesabu hiyo, liko jambo la nchi za Maziwa Makuu ambalo sipendi kulipita. Katika miaka ya 1906 na 1907 Robert Koch, tabibu aliyesifika dunia nzima kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu, alipiga kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Nyanza, ambako malale yalikuwa yakiua watu kwa maelfu, akawachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye zarniki ndani yake. Mwanzo dawa ilileta tumaini. Kisha kipimo chake kilipoongezwa ili nguvu yake izidi, wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, na upofu wao haukuwa na marejeo, kwa kuwa sumu ilikuwa imeuharibu mshipa wa fahamu unaochukua habari za jicho hadi ubongoni. Miaka iliyofuata Wajerumani walifungua kambi za malale katika mwambao wa Tanganyika pia, ukiwamo upande wa Urundi. Watu wale wa Sese hawakuja kwa ajili ya macho. Walikuja wakiona, wakitafuta dawa ya usingizi wa mauti, na wakaondoka wakiongozwa kwa mkono. Kila nisomapo juu ya vipimo vya siku hizi, vinavyolikagua jicho zima kabla ya kuliruhusu kuguswa, nawakumbuka wao, maana jicho la mtu ajaye kwa leza nalo ni jicho linaloona. Halina ugonjwa wa kuua, lina upungufu tu ambao kipande cha kioo kinautosheleza, na hasara yoyote inayolipata ni hasara ya kitu kilichokuwapo.

Ubao wa herufi, ambao hata mtoto wa shule anaujua, ulitungwa mwaka 1862 na Hermann Snellen wa Utrecht, Uholanzi. Yeye aliamua kwamba jicho timamu lapasa kuitambua herufi ambayo kimo chake kinachukua pembe ya dakika tano za duara, na kwa mtu aliye umbali wa mita 6 herufi hiyo huwa na kimo cha karibu milimita 9. Na kwa wasiojua kusoma ikawekwa herufi E peke yake, ikigeuzwa juu, chini, kulia na kushoto, na mtu huonyesha kwa vidole upande ilikoelekea. Miaka 10 baadaye Mfaransa Ferdinand Monoyer alileta dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi ambacho hadi leo ndicho namba ya miwani yetu, akatunga pia ubao wake unaohesabu uoni kwa sehemu za kumi, na kwa mapenzi ya kazi yake akalificha jina lake ndani ya herufi za ubao huo. Hapa iko habari ambayo mtu wa Bujumbura huikuta njiani asipoitazamia. Ubelgiji, iliyoitwaa nchi hii kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 na kuitawala hadi mwaka 1962, ilituachia desturi ya Kifaransa, na kwa hiyo karatasi ya daktari wa huku husema 10/10. Akivuka kwenda Kigoma au Dar es Salaam au Nairobi, karatasi ya huko itasema 6/6, na asiyejua huenda akadhani kwamba amepungukiwa na sehemu nne njiani. Uoni ni uleule. Mpaka wa wakoloni umepita hata katikati ya mboni.

Baada ya ubao vikafuata vyombo, tena kwa haraka ya kustaajabisha. Mwaka 1880 António Plácido wa Porto, Ureno, alitengeneza kisahani chenye duara nyeusi na nyeupe, moja ndani ya nyingine, chenye tundu katikati. Ukilitazama jicho kupitia tundu hilo unaziona duara zikijiakisi juu ya konea kama juu ya kioo, na zikipindika mahali, basi hapo ndipo konea ilipopindika. Ramani za rangi zinazotolewa leo na kompyuta, ambazo mgonjwa huonyeshwa sehemu zake nyekundu na za buluu, ni vizazi vya kisahani kile. Katika miaka hiyohiyo Émile Javal, Mfaransa, pamoja na msaidizi wake Hjalmar Schiøtz kutoka Norway, walibuni chombo cha kupimia mviringo wa konea kwa hesabu kamili. Na Javal yule, aliyewafundisha wengine kuyapima macho, alipofuka mwenyewe uzeeni kwa glakoma, ugonjwa ambao presha ya ndani ya jicho huusaga mshipa wa fahamu polepole pasipo kilio. Schiøtz ndiye aliyetoa, mwaka 1905, kipimo cha presha ya jicho kilichoenea hospitali za dunia nzima. Miaka miwili kabla yake Otto Schirmer alikuwa amefundisha njia nyepesi kuliko zote, nayo ni kutundika ukanda wa karatasi kwenye ukope wa chini kwa dakika 5 na kupima kwa milimita jinsi machozi yalivyoulowesha. Ukilowa chini ya milimita 5, jicho lile ni kavu, na kavu halipendi leza, kwa kuwa leza hukata nyuzi ndogo za fahamu zinazoamuru machozi yatoke. Na mwaka 1911, mwaka aliopewa Tuzo ya Nobel, Allvar Gullstrand wa Uswidi alionyesha taa ya mwanya, ambayo huupitisha mwanga mwembamba katika jicho kama kisu katika tunda, na kila tabaka likaonekana kwa kina chake.

Kwa hiyo vipimo vilitangulia operesheni kwa muda mrefu. José Barraquer aliyefanya kazi Bogotá, nchini Colombia, alianza katikati ya karne ya 20 kufikiri kwamba konea yenyewe yaweza kuchongwa kama lenzi ichongwavyo, akafanya hivyo kwa visu. Lakini kisu kina kiasi chake. Mwaka 1981, siku iliyofuatia sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, Rangaswamy Srinivasan, mwanasayansi mzaliwa wa Bara Hindi aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM, alichukua mabaki ya nyama ya bata mzinga wa sikukuu akayaelekezea leza ya urujuanimno, akaona kwamba mwanga ule unaondoa tabaka nyembamba mno pasipo kuunguza pembeni. Daktari Stephen Trokel wa New York akatambua kwamba jambo hilo lilikuwa limeumbwa kwa ajili ya konea. Mwaka 1988 Marguerite McDonald, huko New Orleans, akaitumia juu ya jicho linaloona la mwanamke ambaye jicho hilo lilikuwa halina budi kuondolewa kwa sababu ya saratani iliyokuwa karibu nalo, naye akakubali litumike kwanza kwa faida ya wengine. Sadaka hiyo ni kubwa kuliko sifa inazopata. Punde baadaye Ioannis Pallikaris, katika kisiwa cha Krete, akaunganisha wazo la Barraquer na leza: akainua kifuniko chembamba cha konea, akachonga chini yake, akakirudisha mahali pake, na njia hiyo ikaitwa LASIK.

Hapo ndipo vipimo vya zamani vilipopewa kazi mpya, na fundisho lenyewe lilikuwa chungu. Mwaka 1998 Theo Seiler na wenziwe walitangaza habari za wagonjwa ambao konea zao, baada ya LASIK, zilianza kudhoofika na kufutuka mbele mithili ya ukuta uliopunguzwa matofali. Baadhi ya macho ya namna hiyo yalikuwa na ugonjwa wa keratokonasi uliojificha, yaani konea inayojichonga yenyewe kuwa na umbo la pia, na wengine walikuwa wameondolewa zaidi ya kiasi. Tangu hapo hesabu ya unene ikawa kiini cha siku ya vipimo, nayo si ngumu. Konea ya kawaida katikati yake ina unene wa kiasi cha maikromita 540, zaidi kidogo ya nusu milimita. Kifuniko huchukua kama 110. Kwa kila dayopta moja ya kutoona mbali leza huondoa karibu maikromita 12, ikiwa eneo linalochongwa lina kipenyo cha milimita 6. Mtu mwenye dayopta 6 ataondolewa 72, akabakiwa na msingi wa 358, na hapo daktari aweza kuendelea. Lakini mwenye dayopta 10 na konea ya 470 ataondolewa 120 juu ya zile 110, akabakiwa na 240, na madaktari wengi hawakubali msingi ulio chini ya 250, na wenye hadhari zaidi hudai 300. Huyo ataambiwa hapana. Nasi tusisahau kwamba vipimo vilivyofanywa Marekani vilionyesha konea za watu wenye asili ya Afrika kuwa aghalabu nyembamba kidogo kuliko za wengine. Kwa hiyo hesabu hii kwetu haina nafasi ya ulegevu.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa keratokonasi katika nchi zetu, nayo ni desturi ya mkono. Madaktari waliowapima watoto wa shule nchini Rwanda walieleza ugonjwa wa mzio wa macho unaowashika baadhi yao, wenye mwasho usiovumilika, na mtoto mwenye mwasho husugua macho mchana kutwa. Kusugua huko kwa miaka kumefungamana katika ilimu ya macho na kudhoofika kwa konea. Vumbi la Mutakura wakati wa kiangazi si geni kwa asomaye haya. Ndiyo sababu mpimaji mwema huuliza, pamoja na habari za kisukari, mimba, kunyonyesha na baridi yabisi, swali ambalo mgonjwa huliona la kitoto: je, ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisugua macho? Naye hutazama pia upande wa ndani wa kope, kutafuta makovu ya trakoma, ugonjwa ambao Burundi ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 kuwa imeutokomeza kama tatizo la afya ya umma, lakini ambao makovu yake hayatokomei kwa tangazo.

Vipimo vingine hupita kwa wepesi zaidi. Mwenye kuvaa lenzi za kugusa jicho huambiwa aziache wiki moja au mbili kabla, na zikiwa ngumu muda mrefu zaidi, kwa kuwa lenzi huifinyanga konea na kuifanya iseme uongo mbele ya mashine. Mboni hupimwa gizani ijulikane hupanuka kiasi gani. Kisha hutiwa dawa ya kuipanua na kuilegeza misuli ya ndani, maana jicho la kijana laweza kujikaza likajidai kuwa na namba isiyo yake, na baada ya dawa retina, ule ukuta wa nyuma wa jicho, hukaguliwa hadi pembeni, kwani macho yasiyoona mbali sana huwa marefu na retina yao huvutika hata ikachanika.

Lakini kipimo ninachokitia moyoni kuliko vyote hakina mashine kubwa. Sharti la kwanza la leza, baada ya umri wa miaka 18, ni kwamba namba ya jicho iwe imetulia kwa mwaka mmoja au zaidi, na ushahidi wa kutulia hautoki katika jicho la leo. Hutoka katika jicho la zamani. Mpimaji husema: nipe karatasi zako za nyuma. Hili ni ombi jepesi kwa mtu wa Brussels. Lakini Mutakura ni mtaa ambao vita vya miaka ya 1990 viliwatawanya wakazi wake, wengine wakarudi na wengine wasirudi, na fitina za mwaka 2015 zikawatia wengi njiani tena kuelekea Rwanda, Tanzania, Kongo na Uganda. Na mtu anayeikimbia nyumba yake usiku huchukua mtoto, huchukua kitambulisho akikiwahi, wala hachukui karatasi ya daktari wa macho. Nimesikia watu wakiomba radhi mbele ya meza ya hospitali kwa kukosa karatasi hizo, kana kwamba ni taksiri yao. Sikuona haki yao kuomba radhi.

Aidha karatasi za siku ya vipimo zenyewe hupaswa kuishi kuliko daktari aliyeziandika. Leza ikishapita, konea nyembamba humdanganya mwenye kupima presha, ikaonekana ndogo kuliko ilivyo, na glakoma ikapata pa kujificha. Na mtu huyo akifika uzeeni akapata mtoto wa jicho, daktari atakayemtilia lenzi ya ndani atautaka mviringo wa konea yake kama ulivyokuwa kabla ya kuchongwa, kwa kuwa hesabu ya kawaida haimfai tena. Miaka 40 yaweza kupita kati ya karatasi na haja yake. Naye katika muda huo, akifika miaka 40 na ushei ya umri wake, atavaa miwani ya kusomea kama wenziwe wote, kwani leza haizuii lenzi ya ndani ya jicho kukakamaa.

Hata hivyo karatasi ikipotea, kitu kimoja husalia ambacho wakimbizi wengi hukichukua pasipo kukusudia, kwa sababu kilikuwa usoni mwao walipotoka. Mpimaji humwomba mgonjwa miwani yake ya zamani, ile ya kabla ya hii, hata ikiwa imevunjika mkono na kufungwa uzi, hata ikiwa na kioo kimoja tu. Huifuta kwa kitambaa, huiweka juu ya lensometa, chombo kidogo kinachosoma nguvu ya kioo, hutia jicho lake kwenye kitundu, hugeuza gurudumu hadi mistari ya kijani ishikamane, kisha huandika namba aliyoiona pembeni mwa namba ya leo. Zikilingana, humwita mgonjwa chumba kinachofuata.